Mafuta ya Chipsi Bado Si Dizeli

Haya ni maneno kuhusu biodizeli, dizeli inayopikwa kutokana na mafuta ya mimea, niliyowaambia madereva, mafundi na wenye magari tulipokutana hapa Arusha Jumamosi asubuhi. Wengi mlikuwa mbugani na wageni, mkaomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama nilivyoyasema.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Mama zangu wa chipsi na mama ntilie mliofunga biashara zenu kwa saa mbili ili mje kunisikiliza, nawashukuru sana, maana nanyi mna sehemu yenu katika jambo hili.

Kabla sijasema lolote, nitazameni mikono. Nina chupa mbili tupu za maji ya kunywa, za lita moja moja. Kila moja naijaza maji mpaka nusu. Hii ya kushoto naiongezea biodizeli niliyoipika mwenyewe gerejini. Hii ya kulia naiongezea biodizeli aliyoniletea mteja wiki hii. Aliinunua kwenye dumu la lita ishirini, akahakikishiwa kwamba ni safi. Haya, zinyanyueni kwenye mwanga. Mnaona tofauti? Zote rangi ya asali. Zote zinang'aa. Sasa nazifunga, nazitikisa kwa nguvu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Naziweka mezani. Mama uliyekaa hapa mbele, nakuomba uwe mlinzi wa chupa hizi. Asiziguse mtu. Nusu saa ikipita, nitakuuliza umeona nini.

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Fundi, gari langu jipya la dizeli, hili la kompyuta, linaweza kwenda na biodizeli?" Jibu langu ni ndiyo. Nalisema bila kuogopa. Lakini nikishasema ndiyo, mwenye gari anaondoka mbio, hasubiri maswali yangu matatu. Biodizeli ipi? Kiasi gani? Na oili ya injini unaipima lini?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris. Kampuni ya Otto ilionyesha pale injini ndogo ya dizeli, na injini ile ilikuwa ikiunguruma kwa mafuta ya karanga. Karanga, ndugu zangu! Rudolf Diesel mwenyewe, aliyebuni injini hii, alisimulia habari hiyo mwaka 1912. Alisema ilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya petroli ya ardhini, ikaenda na ya karanga bila kubadilishwa chochote, na watu waliopita mbele yake wengi hawakujua. Na wazo lilitoka wapi? Kwa serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zinalimwa kwa wingi. Kwa hiyo tangu mwanzo, injini hii ilipotajwa pamoja na mafuta ya mimea, Afrika ilikuwa ndani ya mazungumzo.

Halafu ukaja mwaka 1937. Mbelgiji mmoja wa Chuo Kikuu cha Brussels, Chavanne, alisajili hataza, yaani haki ya mbunifu, ya njia ya kubadilisha mafuta ya mawese kwa kutumia alkoholi ili yafae kwenye injini. Mawese ya Kongo. Mwaka uliofuata basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Sasa mimi nawauliza: kama injini ya Paris ilikunywa mafuta ya karanga vilevile yalivyokamuliwa, huyu Chavanne alihangaika kuyabadilisha kwa nini?

Kwa sababu ni mazito. Jibu ndilo hilo, na ndilo jambo langu la kwanza leo. Mafuta ya kupikia si biodizeli. Narudia, maana hapa ndipo pesa za watu zinapozama: mafuta ya kupikia si biodizeli. Ukiyachuja kwa kitambaa, si biodizeli. Ukiyachuja mara tatu, si biodizeli. Yakiwa na joto la nyuzi 40, mafuta ya kupikia ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli.

Kuna dereva mmoja, simtaji, ana Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ. Mnaijua nyote hiyo injini, ndiyo iliyolea watoto wetu. Alikuwa akichanganya mafuta ya chipsi yaliyochujwa na dizeli ya kituo, gari likaenda miezi. Akasifu. Jirani yake akasikia. Jirani ana gari la kisasa, la reli moja ya mafuta, yaani bomba moja la mgandamizo linalolisha nozo zote, na nozo hizo zinapuliza mafuta ndani ya injini zikifunguliwa kwa umeme. Naye akachanganya. Wiki ya tatu gari likaanza kukohoa asubuhi, likatoa moshi mweupe, taa ya injini ikawaka, likakosa nguvu kwenye mlima. Akaniletea.

Nikafungua nozo ya silinda ya pili, nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Kwenye ncha, kila tundu lilikuwa limeotesha pembe ya masizi magumu, nyeusi, imepanuka mdomoni kama tarumbeta. Tundu lenyewe lilikuwa limebaki upande mmoja tu. Badala ya kupuliza ukungu, nozo ilikuwa inatema mchirizi. Nikakwaruza kwa ukucha, haikutoka. Nikamwita mwenye gari aangalie. Aliangalia muda mrefu, hakusema neno.

Kwa nini 1HZ ilivumilia na hili halikuvumilia? Sikilizeni. Nozo ya 1HZ inafunguka kwa mgandamizo wa bar 150 hivi, na inapuliza kwenye chumba kidogo cha awali chenye joto, inasamehe mengi. Gari la kisasa, reli yake inabeba hadi bar 2,000, nyingine zaidi. Tairi la gari lako dogo lina bar 2 na kitu. Piga hesabu: karibu mara elfu moja. Na mafuta hayo yanapita kwenye matundu yenye upana wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, yanapuliziwa mara kadhaa katika mzunguko mmoja, kompyuta ikihesabu kila tone. Mashine kama hiyo huipi kitu ambacho hakijakamilika.

Sasa kukamilika maana yake nini? Mama zangu, nitumie mfano wenu. Mafuta ya kupikia, ukiyatazama kwa undani, ni kama mama aliyekwenda sokoni ameshika watoto watatu mkononi. Mama ni glisirini. Watoto ni minyororo ya asidi za mafuta. Wanatembea wote wanne kwa pamoja, ndiyo maana mwendo ni mzito. Tunaleta methanoli na kostiki soda kidogo, tunapasha joto la nyuzi 55 mpaka 60. Kila mtoto anaachia mkono wa mama, anashikwa na methanoli. Watoto watatu sasa ni biodizeli, wepesi, kila mmoja na njia yake. Mama anabaki peke yake, anazama chini ya pipa, mweusi, mzito. Hiyo ndiyo glisirini, inatengenezewa sabuni.

Tatizo ni nini? Ukiwa na haraka, ukibana methanoli ili upunguze gharama, ukipika bila kupima kwanza mafuta yako yamechacha kiasi gani, kuna akina mama wanaobaki bado wameshika mtoto mmoja au wawili. Kwa macho huwaoni. Rangi ni ileile ya asali. Lakini wanakwenda kuota tarumbeta kwenye nozo, na wakipoa wanaganda chini ya tangi. Kisha kuna sabuni iliyozaliwa ndani, kuna methanoli iliyobaki, kuna maji ya kuoshea ambayo hayakukaushwa. Viwango vya Ulaya vya biodizeli, EN 14214, vinataka maji yasizidi miligramu 500 kwa kilo moja. Huo ni unyevu ambao jicho halioni kabisa.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa vijana mnaotaka kupika wenyewe. Methanoli ni sumu. Inapita kwenye ngozi, mvuke wake unaingia mapafuni, ikinywewa inapofusha na inaua. Mwezi Mei 2014 wenzetu wa Kenya walizika makumi ya watu kwa pombe iliyotiwa methanoli. Ikishika moto mchana wa jua, miali yake huioni, unaona tu mtu anaruka. Usipike jikoni. Usipike kwenye chumba kilichofungwa. Usiihifadhi kwenye chupa ambayo mtoto anaweza kuidhania maji. Mimi napika nje, nina glavu, nina miwani, na hakuna anayesogea na sigara.

Jambo la pili. Tuseme biodizeli yako ni safi kabisa, imepimwa, haina kasoro. Gari la kisasa bado lina sehemu moja ambayo biodizeli safi inalisumbua, na haiko kwenye nozo wala kwenye pampu. Iko kwenye kijiti cha kupimia oili.

Mstaafu mmoja aliniletea gari lake dogo la dizeli lililotoka Japani, lenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi, lile tunaloliita DPF. Alikuwa akitumia biodizeli nzuri tupu, bila kuchanganya, safari zake ni za mjini, nyumbani kwenda sokoni, sokoni kwenda kanisani. Akasema, "Fundi, gari hili lina baraka, oili haipungui." Nikavuta kijiti. Oili ilikuwa imepanda vidole viwili juu ya alama ya mwisho. Nikaisugua katikati ya vidole, ikateleza kama maji. Nikainusa, ikanuka mafuta ya kukaangia.

Mnajua kilichotokea? Chujio la masizi likijaa, kompyuta inataka kuyachoma. Inapuliza mafuta ya ziada kwa kuchelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka, ili yakawake huko kwenye bomba. Dizeli ya kawaida sehemu kubwa inageuka mvuke na kwenda zake. Biodizeli inachemka kwenye joto kubwa zaidi, nyuzi 330 na kuendelea. Haiwahi kugeuka mvuke yote. Nyingine inagonga ukuta wa silinda, inapita pembeni ya ringi za pistoni, inashuka kwenye oili. Na dizeli ikiingia kwenye oili, angalau ukienda safari ndefu injini ikapata moto, sehemu yake inakauka. Biodizeli ikishaingia haitoki. Inakaa, inaongezeka, inailainisha oili mpaka beringi za krenkishafti hazina kinga.

Oili inayopanda si baraka, ndugu zangu. Baadhi ya magari yana alama ya X juu ya ile ya juu kabisa kwenye kijiti. Oili ikifika pale, imwage siku hiyohiyo. Mzee wangu yule nilimwaga oili yake, nikamwekea mpya, nikamwambia ashuke mpaka mchanganyiko mdogo, na kila wiki apime. Injini yake inaishi. Angechelewa mwezi mmoja ningekuwa nimemwambia habari nyingine.

Basi kiasi gani? Wajerumani waliupita mtihani huu kabla yetu. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, magari mengi ya Volkswagen yaliruhusiwa rasmi kwenda na biodizeli tupu ya mbegu za rapa, na ilikuwa ikiuzwa kwenye vituo 1,900 hivi nchini humo. Magari yenye chujio la masizi yalipoingia, ruhusa hiyo haikuyafuata, kwa sababu hiihii ya oili. Agosti 2006 kodi ikaanza kuwekwa juu ya biodizeli tupu, na biashara ikanyauka. Leo dizeli ya kawaida ya Ulaya inaruhusiwa kuwa na biodizeli asilimia 7. Upande mwingine angalieni Indonesia: Januari 2020 walikwenda asilimia 30 ya biodizeli ya mawese kwa nchi nzima, na mwaka 2025 wamefika 40. Huko nako kuna Toyota Fortuner za kisasa, zinapanda milima na kupita foleni. Wamewezaje? Biodizeli yao inapikwa na kupimwa kwa viwango vya nchi. Mpango wao hautegemei dumu na maneno ya "ni safi, niamini".

Kwa gari la kisasa lenye chujio la masizi, mimi nasema: asilimia 5 mpaka 7 tembea kwa amani. Ukitaka 20, soma kwanza kitabu cha gari lako kinaruhusu nini, na kama ulikuwa ukimwaga oili kila kilomita 10,000, sasa mwaga kila 5,000. Tupu, hapana. Kwa 1HZ na ndugu zake, unaweza kwenda mbali zaidi, ila hosi na oringi za mpira wa zamani zitavimba na kulainika, badilisha kwanza. Na gari lolote lenye umri, tenki la kwanza la biodizeli litaosha uchafu wote uliolala kwenye tangi tangu siku lililotoka kiwandani, na uchafu huo utaishia kwenye filta. Beba filta ya akiba. Ibadilishe mapema, halafu tena.

Kuna faida ambayo watu hawaitaji. Tangu Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa 50 ppm, yaani sehemu 50 katika milioni moja. Ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu. Lakini kazi ya kuondoa salfa kiwandani inaondoa na utelezi wa dizeli, na pampu ya reli inategemea utelezi huo. Biodizeli asilimia 1 au 2 tu inaurudisha. Kwa hiyo anayewaambia biodizeli inaua pampu, muulizeni: biodizeli ipi?

Jambo la tatu litawagusa ninyi mnaowapeleka wageni kulala Ngorongoro. Mafuta tunayokaangia chipsi nchini mengi ni ya mawese. Biodizeli ya mawese inaanza kuwa na ukungu ikifika nyuzi 13 mpaka 16 hivi. Hiyo si baridi ya Ulaya, ni baridi ya Karatu jioni!

Julai iliyopita kijana mmoja alipanda ukingoni mwa kreta na tenki lenye biodizeli tupu. Huku chini Arusha mchana gari lilikuwa linavuta vizuri. Kule ukingo una mita 2,300 juu ya bahari, na alfajiri ya Julai mnaijua. Saa kumi na mbili asubuhi wageni wamevaa makoti, wamepanda, gari likawaka sekunde kumi likazima. Likawaka, likazima. Alinipigia simu sauti inatetemeka. Nikamwambia fungua filta uniambie unaona nini. Akanijibu, "Fundi, kuna kitu kama samli." Ilikuwa samli kweli, maana mafuta yaleyale ukiyaacha jikoni kwa mama yako Njombe mwezi wa saba, si yanaganda kwenye chupa? Nilimwambia achemshe maji ya chai, afunge kitambaa kwenye filta, amwagilie taratibu. Saa tatu kasoro gari likawaka. Wageni walikuwa wameshashushwa kwenye kreta na gari la mwenzake.

Kwa hiyo ukipanda juu mwezi wa sita mpaka wa nane, jaza dizeli ya kituo, au biodizeli isizidi asilimia chache. Ukirudi chini, endelea.

Mama zangu, sasa ni zamu yenu. Mnakumbuka enzi za mbono kaburi? Mabwana wa makampuni walikuja, mashamba makubwa yakachukuliwa, Kisarawe na kwingineko, wakisema mti huu unaota jangwani na utatupa dizeli. Mwaka 2009 utafiti uliofanyika Kenya ukawashauri wakulima wasiupande kama zao, labda kama ua wa shamba, kwa sababu mavuno hayalipi. Kule Engaruka mibono imebaki inafanya kazi ileile ya wazee, kuzuia mbuzi. Mimi sitaki tena mtu anyang'anywe shamba la mahindi kwa ajili ya gari langu. Mafuta ninayoyataka yapo kwenye karai zenu, yale ya siku ya tatu, yaliyogeuka meusi na kutoa povu. Najua mengine mnamwaga mtaroni. Na najua yapo yanayouzwa kwa bei ndogo kwa mtu mwingine ambaye anakaangia watu tena. Hilo linaniuma, kwa sababu ni watoto wa shule wanaokula. Niuzieni mimi. Yasiwe na maji, yasiwe na chumvi iliyotuama chini. Mimina taratibu, acha masalia. Dumu kwa dumu tutapima na kulipana palepale.

Mama mlinzi, saa yako inasema nini? Dakika thelathini na tano. Naomba unyanyue ya kushoto. Tuambie. "Maji chini, mafuta juu, yamegawanyika." Maji yakoje? "Yana weupe kidogo, lakini naona vidole vyangu upande wa pili." Vizuri. Hiyo imeiva. Ingehitaji kukaushwa tu.

Sasa ya kulia. "Imekuwa kama uji wa ngano." Imegawanyika? "Haijagawanyika. Yote nyeupe." Mwoneshe na mzee pale nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa iingie kwenye gari la mteja wangu leo jioni. Ina sabuni, na ina akina mama ambao hawajaachia watoto.

Dumu lile nitalipika upya, nianze na kulipima. Mwenye lake nyumbani, alete Jumatatu gerejini na chupa mbili tupu za maji. Kutikisa ni bure.